Babu Anakataa Kumeza

Mkaguzi hakuwahi kusema kitu ni kizuri. Nilimjua miaka yote niliyosoma Guangzhou, nikatembea naye masokoni, nikala naye meza moja Jumapili nyingi, na sikumsikia hata siku moja akisifu mkoba, shati, redio wala chakula. Kitu kikifaa alisema, "Nimekiona." Kisipofaa alisema, "Fungua tena."

Kazi yake ilikuwa kukagua mizigo ya wafanyabiashara wa kwetu kabla haijapakiwa kwenye kontena. Wengi wao huja China kwa siku chache, wanachagua, wanaagiza, wanaondoka kabla mzigo haujakamilika. Wengine hawaji kabisa, wananunua kwa picha. Mkaguzi ndiye aliyebaki akiwa macho yao. Alikwenda kiwandani au dukani, akafungua maboksi, kisha akampigia mwenye mali simu kumwambia alichokiona. Jina alikuwa nalo, lakini sikumsikia mtu akilitumia. Mtaa mzima wa Xiaobei ulimwita Mkaguzi, na wenye maduka ya mikoba walimwita kwa Kichina jina ambalo ningelitafsiri Mzee Zipu.

Zipu ndiyo iliyotukutanisha. Nilikuwa nimeajiriwa kwa siku moja kumtafsiria mama mmoja wa Mwanza huko Shiling, mji wa mikoba, na Mkaguzi alikuwepo kwa kazi yake. Mwenye duka alimpa mkoba wa juu kabisa kwenye boksi. Mkaguzi aliuweka pembeni bila kuutazama, akazamisha mkono hadi begani, akatoa mkoba wa katikati, akausogeza sikioni na kuanza kuvuta zipu polepole.

"Unasikiliza nini, mzee?" nilimwuliza.

"Meno. Jino moja lisipokaa sawa, linalia."

"Mimi sisikii kitu."

"Wewe umeletwa usikie maneno. Endelea na maneno yako."

Alivuta zipu ya pili, ya tatu, ya boksi jingine. Kisha akamwambia mwenye duka, kwa Kiswahili, kana kwamba duniani kuna lugha moja tu, "Fungua tena." Mwenye duka alielewa. Wote walikuwa wanaelewa.

Mama wa Mwanza alimvuta pembeni. "Mkaguzi, baba yangu, kontena linafungwa kesho. Mwenzangu tuliyechanga naye mtaji atakupigia jioni. Mwambie umeona na iko sawa. Ni zipu tu."

"Nimeona. Haiko sawa."

"Kwani ukisema iko sawa utakufa?"

"Sitakufa. Lakini nitakuwa nimesema."

Mzigo ulibaki Shiling, kontena likaondoka na mali ya watu wengine, na mama yule alimtukana njia nzima ya kurudi mjini kwa ufundi ambao sijausikia tena. Mkaguzi alikaa kiti cha mbele, akitazama barabara. Mimi nilikuwa na umri wa kudhani kila jambo lina mwenyewe wa kuulizwa, kwa hiyo aliposhuka yule mama nilihamia kiti cha jirani na Mkaguzi.

"Huo ukweli wako unamsaidia nani? Wateja wa Mwanza wangenunua tu. Zipu ikiharibika wangepeleka kwa fundi."

"Shuleni unasomea nini?"

"Sayansi ya chakula."

"Ukikuta maziwa yameharibika, huwa unamwuliza mnywaji kama ana haraka?"

"Hilo si jibu, mzee."

Alifikiri kidogo. "Si jibu," alikubali. Tangu siku hiyo aliniita Bi Maswali, nami nikaanza kumtafuta.

Nilichopenda kwake mwanzoni ni kwamba hakuwa mpole. Wazee wengi niliokutana nao ughaibuni walitaka kunilea. Waliniuliza kama nakula, kama nasali, kama nina mchumba. Mkaguzi hakuuliza lolote kati ya hayo. Alinichukua Shisanhang asubuhi, kwenye mtaa wa nguo ambako wabebaji wanakusukuma kwa mabunda bila kukutazama, na alinionyesha namna ya kuinua shati kwenye mwanga na kuona litakavyokuwa baada ya kufuliwa. "Hili leo ni lako," alisema siku moja, akiwa ameshika shati la mwanamume. "Likifuliwa Jumamosi ni la mdogo wako." Alikuwa na kipande cha mshumaa mfukoni cha kulainishia zipu za watu asiowajua. Nimemwona akimsimamisha mwanafunzi wa Kichina kwenye treni ya chini ya ardhi, akaipaka mshumaa zipu ya begi lake iliyokwama, akaifungua, akaifunga, akarudisha mshumaa mfukoni. Yule mwanafunzi hakujua amwamkie au amkimbie.

Lakini mlango wa chumba chake ulikuwa haufungi. Aliishi ghorofa ya juu katika jengo la zamani nyuma ya barabara ya Huanshi Zhonglu, na kitasa kilikuwa kimekufa kabla sijamjua. Aliufunga kwa mkanda wa mkoba wa sampuli, akiupitisha kwenye tundu la kitasa na kuubana kwa kifungo chake cha dhahabu bandia. Mtu aliyeweza kukataa maboksi mia kwa sababu ya jino moja la zipu alilala kila siku na mlango uliofungwa kwa mkanda wa mkoba. Nilimwuliza kwa nini hatengenezi.

"Mimi nakagua," alisema. "Sitengenezi."

Hakuwa anasema kweli, kama nilivyokuja kuona. Alijua kutengeneza. Alichokosa ni mtu wa kumwambia, "Mlango wako haufungi."

Ndani kulikuwa na kitanda, jiko la umeme, maboksi ya sampuli na kiti kimoja. Kimoja tu. Mgeni alikaa kitini na yeye akasimama dirishani, akinywa maji ya moto matupu kama wenyeji, huku akiyasema vibaya. Jumapili alikwenda kanisani, ingawa aliwahi kuniambia kwamba haamini kuna anayesikiliza. "Basi unakwenda kufanya nini?" nilimwuliza. "Kukaa na watu wanaotazama upande mmoja," alisema. Jibu hilo lilinikera wiki nzima.

Habari za nyumbani kwake nilizipata vipande vipande, na hakuna kipande alichonipa akiwa amekaa. Kimoja alinipa tukiwa kwenye ngazi, kingine tukisubiri taa ya kuvukia barabara. Alikuwa na mke na mtoto mmoja wa kiume upande wa Manyoni. Alikuja China mtoto akiwa bado hajaanza shule, akakusudia kukaa muda mfupi. Mke alipofariki, makaratasi ya Mkaguzi ya kuishi China yalikuwa katika hali ambayo angetoka asingeweza kurudi, na wakati huo karo ya mtoto, na shamba, na kila kitu kilitegemea yeye kuwepo Guangzhou. Hakwenda kuzika. Mtoto, ambaye alikuwa kijana tayari, alizika mwenyewe na ndugu, na baada ya arobaini aliacha kupokea simu ya baba yake. Mkaguzi aliendelea kutuma mahitaji. Alituma hata mashine ya kukamua alizeti, akaikagua mwenyewe boliti kwa boliti kabla haijapakiwa. Mashine ilifika, ikafungwa, ikafanya kazi. Aliambiwa na jirani.

"Na mwanao hakusema chochote?"

"Alimwambia jirani aniambie imefika."

Ndiyo maana ile Jumapili aliyoniita kwenye mgahawa wetu wa tambi, ghorofani, Huanshi Zhonglu, nilijua kuna jambo kabla hajafungua mdomo. Alikuwa amekaa. Simu ilikuwa mezani mbele yake, imelazwa juu ya kitambaa cha karatasi kama kitu kilichooshwa.

"Sikiliza," alisema. "Ni mwanangu."

Ulikuwa ujumbe wa sauti. Sauti nzito, isiyo na haraka, yenye mlio wa mashine nyuma yake: "Shikamoo mzee. Ile bunduki ya babu inakwama. Risasi ya kwanza inaingia, ya pili inagomea katikati. Leseni inakaribia kukaguliwa na mimi nguruwe pori wananimalizia alizeti. Ikishindikana naipeleka polisi naisalimisha, tumalizane nayo. Nimeona nikuulize kwanza wewe unayeijua."

Aliurudia mara kadhaa. Nilidhani anasikiliza hitilafu. Sikujua kwamba anasikiliza shikamoo.

"Utamjibu nini?" nilimwuliza.

"Nitamwambia asiipeleke." Alikunja kile kitambaa cha karatasi, akakikunjua. "Ikienda polisi, Bi Maswali, hatakuwa na kitu kingine cha kuniuliza."

Bunduki yenyewe ilikuwa ya baba yake Mkaguzi, na ilikuwa kuukuu hata siku aliyoipata huyo baba. Ni ya leva. Chini ya triga kuna mkono wa chuma wenye tundu la vidole, kama mshikio wa mkasi. Ukiusukuma chini ganda tupu linaruka nje, ukiurudisha juu risasi mpya inaingia. Risasi zimelala kwa foleni ndani ya bomba jembamba chini ya mtutu. Springi ndefu inazisukuma nyuma, na kila moja inapokelewa na kipande cha chuma ambacho Mkaguzi alikiita kijiko. Kijiko ndicho kinachoipandisha hadi mdomoni mwa chemba, mahali inapolipukia. Haya yote alinionyesha kwa vijiti vya kulia, bomba la kalamu, na sampuli za rangi ya mdomo alizokuwa nazo mfukoni kwa ukaguzi wa kesho yake. Rangi za mdomo zilikuwa ndizo risasi. Mwenye mgahawa, mama wa makamo ambaye Mkaguzi alimwita laoban kama tunavyowaita wenye biashara wote, alipita, akaitazama meza, akamsukumia sahani ya karanga bila kuuliza.

Lakini kulikuwa na tatizo. Watu wetu wa Guangzhou wana desturi ya kutotaja baadhi ya mambo kwenye simu. Wanaamini, kwa ushahidi au bila ushahidi, kwamba yanasikilizwa. Viza inaitwa mvua: mvua imenyesha, mvua imekataa, mvua inaisha mwezi ujao. Nimewahi kuwauliza ni nani anayedanganyika na maneno hayo, wakanitazama kama mtoto. Mkaguzi, ambaye hakuwahi kudanganya juu ya zipu, aliamua kwamba neno bunduki halitatajwa tena kwenye simu yake. Alimtumia mwanawe ujumbe: tangu leo ni babu. Risasi ni tonge. Kukwama ni kukataa kumeza.

"Mzee," nilisema, "kama kweli wanasikiliza, wataleta gari la wagonjwa."

"Walete. Watakuta tambi."

Ndivyo zilivyoanza zile Jumapili. Kila alasiri baada ya kanisa, ambapo Manyoni ni asubuhi, mwanawe alipiga simu. Mkaguzi aliweka sauti ya juu kwa sababu, alisema, masikio mawili hayatoshi. Alianza kila mara kwa neno lilelile: "Kwanza hakikisha babu hana kitu tumboni." Mwanawe alikagua chemba na bomba, akasema hana kitu. Kisha alitumia matonge ya mbao aliyoyachonga mwenyewe kwa amri ya baba yake, yenye urefu na unene wa risasi halisi, na Guangzhou tulisikia leva ikishuka na kupanda: kla, kla. Halafu kla moja pungufu, na kimya.

"Amekwama?"

"Amekwama. La pili limekuja kabla la kwanza halijamezwa. Yamebanana kooni."

"Kijiko kinapanda?"

"Kinapanda nusu, kinasita, kama mtu aliyesahau alichokuwa anafuata."

Meza ya jirani siku hiyo walikaa akina mama wawili wa Mbeya waliokuja kununua nguo za watoto. Mmoja hakuweza kuvumilia. Aligeuka, mikono kifuani. "Jamani, baba, msimlazimishe mzee kula vitu vigumu. Mpeni uji mwepesi. Wangu mimi alikuwa hivyohivyo, tukamlisha kidogo kidogo."

"Asante, mama," alisema Mkaguzi kwa heshima zote. "Tutamjaribu na uji."

Kutoka kwenye simu ilisikika sauti ambayo sikuitambua mara moja. Mwanawe alikuwa anacheka. Mkaguzi aliinamisha kichwa juu ya bakuli.

Alianza na mambo mepesi, kama fundi yeyote mwenye akili. Urefu wa risasi: bunduki za namna ile nyingine hukataa risasi fupi kupita kiasi, kwa sababu nafasi inayobaki inaingiza kichwa cha inayofuata. Mwanawe alipima, zilikuwa sawa. Skrubu za pembeni: zilikuwa zimekaza. Bomba: je, limebonyea? Aliambiwa atumbukize fimbo nyembamba ya mbao, nayo ikapita hadi mwisho. Kila jambo lilichukua Jumapili yake. Mkaguzi hakuharakisha, na mwanawe hakulalamika tena juu ya leseni, maana afisa wa polisi alikuwa mwelewa na alikuwa amempa muda. Katikati ya kipimo na kipimo yalianza kuingia mambo mengine. Alizeti imetoka vizuri. Mashudu yananunuliwa na wafuga kuku. Kaburi la mama limejengewa. Hilo la mwisho lilisemwa kwa sauti ileile ya vipimo, na Mkaguzi alijibu kwa sauti ileile, "Nimesikia." Kisha akauliza kama skrubu ya mwisho imerudi mahali pake.

Nilikuwa na mashaka yangu, na nayasema kwa kuwa nilikuwa nayo. Nilidhani mzee anajua ugonjwa na anauficha. Nilimwuliza waziwazi tukiwa kwenye ngazi.

"Sijui," alisema. "Ningejua ningemwambia. Nadhani springi imechoka. Juzi amefungua kifuniko cha mbele cha bomba. Springi ile ilikuwa ikiruka usoni ukifungua, baba aliwahi kukatwa nyusi. Sasa imetoka polepole, anasema, kama mtu anayeamka. Ya rangi ya kahawia."

Shiling alikuwa amepata kwenye duka la vifaa vya mikoba springi nyembamba ambayo ilikaribia. Alitembea nayo mfukoni pamoja na mshumaa. Hakuituma. Alisema hawezi kupeleka kitu asichokijaribu, na wala hakutaka mtu wa kwetu akamatwe uwanja wa ndege akieleza springi ya babu.

Ile rangi ya kahawia ndiyo iliyonikaa kichwani. Chuma kikipata kutu kinakuwa na wekundu na kinachafua kidole kwa unga. Jumapili iliyofuata niliinama kwenye simu bila kuruhusiwa.

"Kaka, samahani, ni Bi Maswali hapa. Hiyo kahawia inanata?"

"Inanata. Kama asali iliyokauka."

"Babu unampaka nini?"

"Nampaka mafuta kila mwisho wa mwezi. Sijawahi kuruka mwezi tangu nikabidhiwe."

Mkaguzi alitikisa kichwa kwa kuridhika. "Anatunza."

"Mafuta gani?" niliuliza.

Alisita, nadhani kwa sababu hakuona kuna cha kuuliza hapo. "Ya kwetu. Ya alizeti. Tena yale ya chujio la pili, siyo ya kuuza. Ya mashine aliyoleta mzee."

Nimeona mafuta hayo maabara na nimeyaona kwenye karai la chipsi. Yakikaa na hewa yanageuka utando, kisha gundi, kisha kitu kigumu kama vanishi. Mwezi baada ya mwezi kijana yule alikuwa ameipaka bunduki ya babu yake mafuta bora kuliko yote aliyokuwa nayo, na utando umejengeka juu ya utando, ndani ya bomba na kwenye bawaba ya kijiko, mpaka kila kitu kikawa kinatembea ndani ya gundi. Springi haikuwa imechoka. Ilikuwa imeshikwa.

Nilieleza. Kisha Mkaguzi alicheka, kicheko cha mtu asiye na mazoezi, chenye kikohozi ndani yake. "Mashine yangu," alisema. "Mashine niliyoikagua mimi."

"Ni mafuta mazuri, mzee," alisema mwanawe, kama aliyeshtakiwa.

"Nimeyaona," alisema Mkaguzi. Hakuwa ameyaona hata tone.

Tiba ilikuwa rahisi. Mafuta ya taa, tambara, mswaki wa zamani, subira. Mwanawe alikwangua na kuosha wiki nzima, akakausha, akapaka tone la mafuta ya cherehani. Jumapili hiyo tulisikia leva ikipita matonge yote ya mbao kutoka la kwanza hadi la mwisho bila kusita, kla, kla, kla, kavu na safi kama mtu anayepanga vyombo. Laoban aligeuka kutoka jikoni kusikiliza. Mimi nilipiga meza kwa kiganja.

"Amepona," alisema mwanawe. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa imepata haraka ya mtu mwenye kazi. "Haya, mzee. Nashukuru. Kesho naipeleka ikaguliwe. Basi tutawasiliana likitokea jambo."

"Likitokea jambo," alisema Mkaguzi.

Simu ilipokatika aliendelea kuitazama. Alipanga vijiti vyake sambamba juu ya bakuli. Nilitaka kumpongeza, nikaona siwezi. Nilikuwa nimejibu swali, tena kwa usahihi, na meza ilikuwa imekuwa kubwa ghafla.

Muda mfupi baadaye nilihitimu, nikapata kazi kwenye maabara ya kiwanda cha vyakula katika mji mwingine wa kusini. Nilimtumia Mkaguzi salamu, naye alijibu kwa herufi chache. Nilirudi Guangzhou zaidi ya mwaka ukiwa umepita, kwa shughuli ya siku mbili, na moja ilikuwa Jumapili.

Xiaobei ilikuwa imepungua. Niliwatafuta watu wawili watatu niliowajua nikaambiwa wameondoka, mmoja amerudi kwao, mwingine hakuna ajuaye. Biashara ya kuwa macho ya watu ilikuwa imepungua pia, kwa sababu sasa watu wananunua kwa kuonyeshwa mkoba moja kwa moja kwenye simu na msichana anayevuta zipu mara moja na kutabasamu. Nilipanda kwanza chumbani kwake. Mkanda wa mkoba ulikuwa umebanwa kwa nje, ishara kwamba hayupo. Nilikwenda mgahawani.

Alikuwa amekonda. Koti lilimkaa kama lililotundikwa. Alinitazama nikimwamkia, akaitikia marahaba, akanivutia kiti.

"Mlango wako bado," nilisema.

"Umeona?" Alionekana kufurahi kwamba kuna aliyeona.

Tuliagiza tambi. Alikuwa na kazi chache. Siku nyingine, alisema, anakwenda Shiling bila kutumwa, anafungua maboksi ya watu asiowajua, mpaka wamfukuze. Alisema hivyo bila huzuni, kama anavyoeleza hali ya kitambaa. Nilimwuliza habari za babu, nikitarajia kusikia kwamba leseni ilitoka na mambo yakaishia hapo.

"Wiki hii anakataa kidogo," alisema.

"Anakataa? Si tulimwosha?"

Kabla hajajibu simu iliita. Alifuta mikono, akailaza juu ya kitambaa cha karatasi, akaweka sauti ya juu.

"Shikamoo baba." Mlio wa mashine haukuwepo. Kulikuwa na kuku, na mtoto mdogo aliyekuwa akisema jambo refu lisiloeleweka.

"Marahaba. Kwanza hakikisha hana kitu tumboni."

"Hana kitu. Nimekagua chemba na bomba."

"Na huyo mjukuu akae mbali."

"Yuko kwa mama yake, hapo mlangoni. Anataka kukusalimia baadaye. Haya, sikiliza."

Nilisikiliza. Leva ilishuka na kupanda. Tonge la kwanza likapita, la pili, la tatu, yote. Hakukuwa na kusita, hakukuwa na kukwaruza, wala ile sauti ya kitu kinachotembea ndani ya gundi. Nilikuwa nimesikia bunduki ile ikiumwa Jumapili baada ya Jumapili na niliisikia ikipona. Hii ilikuwa nzima. Ilikuwa nzima zaidi ya siku ile. Ilikuwa na sauti ya kitu kinachofunguliwa na kusafishwa kila wiki.

Mkaguzi alikuwa ameinamia simu, sikio karibu na meza, macho amefumba, vilevile nilivyomwona Shiling akiwa na mkoba wa watu. Mtu yule alikuwa anaweza kusikia jino moja la zipu. Mama wa Mwanza alimlilia aseme neno moja tu, na hakulisema.

"Bado," alisema.

Nilikuwa na swali limekaa tayari ulimini, nikamtazama mzee, naye akafumbua macho na kunitazama. Nilichukua birika, nikammiminia maji ya moto.

"Hata mimi nimeisikia, baba," alisema mwanawe taratibu. "Pale katikati."

"Pale katikati. Fungua tena."

"Ngoja nichukue bisibisi."

Tulisubiri. Kisha zilianza kusikika skrubu, moja baada ya nyingine, zikidondoshwa ndani ya bakuli la bati, na Mkaguzi akaanza kumwuliza habari za mvua, ile ya kweli, kama imefika.